Simu ilisema sita, mizani ya tangawizi ikasema mbili

Leo nimeitwa mwongo mbele ya wanakwaya wenzangu.

Programu ya simu ya kuhesabu kalori ilinitabiria kupungua kilo sita kwa wiki kumi na mbili. Nikaandika kila nilichokula.

Leo nimepanda kwenye mizani ninayopimia tangawizi hapa dukani kwangu Hedaru, wanakwaya wakiangalia. Nimepungua mbili.

Wifi yangu, mwanakwaya mwenzetu aliyetuletea hiyo programu, akacheka. "Wifi, wewe unakula jikoni huku simu umeiacha chumbani."

Iliniuma, jamani.

Ni kweli, makande simu haiyajui. Niliandika mahindi na maharage, maziwa nikayasahau. Hilo ni kosa langu. Lakini mwili ukipungua nao unatumia kalori chache, na simu ilikomaa na hesabu ya siku ya kwanza.

"Wifi, panda na wewe."

"Mimi nilishajipima nyumbani."

"Panda."

Akapanda. Yeye aliahidiwa tano. Amepungua moja na nusu.

Eti mizani mbovu. Mizani hiyohiyo juzi ilipima tangawizi yake, akaondoka anatabasamu.

Kilo zangu mbili ni za kweli. Nani simu yake ilipatia? Njoo dukani, upande.