Mgeni wa Leta ya Ng'ambo

Mimi si mtu wa kunyamaza. Waulize bamama wanaouza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, pale pwani ya Baraka, watakuambia mdomo wangu hauna kifuniko. Nasema hivyo kwa raha zangu, maana bila mdomo huo leo ningekuwa nimekaa nyumbani naangalia ndagala zangu zikiliwa na wadudu.

Wenye maboti wa huku kwetu na wenzao wa ng'ambo ya ziwa, Tanzania, walikuwa wamepatana bei moja ya kuvusha mizigo. Anayeikubali anapakia, anayeikataa hapati boti. Mimi nilikataa, bei ilikuwa kubwa mno. Basi kila mwenye boti niliyemfuata alinigeuzia mgongo, hata yule aliyekuwa akinivusha tangu nikiwa msichana. Na wateja wangu wote wako ng'ambo! Kunifungia ziwa ilikuwa kunimaliza kabisa.

Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka Fizi, kule juu milimani, nikawashitaki tribinali, kwa hakimu. Watu walicheka. "Mama, we utaweza bapatron ba maboti?" Chekeni tu, nikawajibu. Sheria yetu inakataza wenye kazi moja kupatana bei na kumfungia njia asiyetaka. Avoka wangu, mama mmoja mwanasheria wa pale pale Fizi, alinieleza jambo hilo mpaka likakaa kichwani.

Siku ya kesi, wenye maboti walileta ofisa wa bandari ya ng'ambo, yunifomu imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alikuwa amevuka ziwa na kupanda mlima ili aseme jambo moja: kwamba serikali yake ndiyo inayotaka maboti yote yafuate bei moja, kwa hiyo wenye maboti hawana kosa, wanatii sheria ya kule. Alisema kwa Kiswahili chao kile kilichonyooka, kitamu kweli. Nikajiuliza: nani atabishana na Leta, serikali ya watu?

Alipomaliza, bamama walionisindikiza wakapiga makofi, polepole, viganja vimekunjwa. Kwetu mgeni aliyetoka mbali akimaliza kusema unampigia makofi, hata kama amekuudhi. Ubishi utakuja baadaye. Na mimi nikapiga.

Avoka wa wenye maboti akaruka. "Bwana hakimu, umeona? Hata upande wao wamekubali maneno ya mgeni!"

Weeh! Nilisimama bila kuitwa. "Apana! Tumemupigia makofi juu ametembea sana. Maneno yake hatujaipokea!"

Watu wakacheka, na ofisa mwenyewe akatabasamu. Hakimu, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, aliniambia nikae. Lakini yeye pia ni mtoto wa milima hii, anajua makofi yetu.

Akamgeukia mgeni kwa upole. "Sheria ya kwenu unaijua kutupita, na tunakusikiliza kwa heshima. Kuamua kesi ndiyo kazi yetu. Sasa niambie: serikali yako imekutuma useme hivi, ao unasema kama mutu wa bandari?"

"Mkuu wangu anajua nimekuja," akajibu ofisa.

"Sawa. Na sheria yenu inawaamuru bei moja, ao inawaacha tu wapatane?" Hakimu akaendelea: "Mwenye boti akivusha kwa bei ya chini, kule mnamufanya nini?"

"Hatumfanyi kitu," akasema ofisa. "Serikali inapenda tu wapatane, bei isiyumbeyumbe."

Nampa heshima yake mtu yule. Angeweza kudanganya, hakudanganya.

Hakimu alipotoa uamuzi, alieleza taratibu, nasi sote tukaelewa. Kama sheria ya ng'ambo ingewalazimisha, na anayeivunja angeadhibiwa, yeye angesita sana kuwahukumu watu kwa sababu ya kutii. Lakini serikali ile inapenda, hailazimishi. Wenye maboti walipatana kwa hiari yao, kule Baraka, na aliyeumia ni mfanyabiashara wa hapa. Mapatano yakavunjwa. Kila boti ipakie mzigo kwa bei ambayo watu wawili wamesikilizana.

Nililia mbele za watu, sikuona haya. Fizi yetu hii, huko mbali wanaisikia siku za vita tu. Siku ile serikali ya watu ilisema ndani ya chumba chetu, tukaisikiliza vizuri, tukayapima maneno yake, hatukumvunjia mtu heshima na hatukupiga magoti. Nilijisikia mrefu, mimi niliye mfupi hivi.

Asubuhi yake nikashuka pwani. Yule mwenye boti wangu wa zamani akaniita wa kwanza. "Mama, leta mizigo," akasema, akataja bei. Ilikuwa nzuri, nafuu hata kuliko nilivyotegemea. Nikaikataa, maana sasa ziwa liko wazi. Nikaweka mikono kiunoni, tukaanza kubishana.