Kuku wa Nkwabi

Katika mtaa mzima wa Igogo bibi yangu Bimdogo aliogopa mwendo wa mtu mmoja tu: mguu mmoja unakanyaga, mwingine unaburutwa. Akiusikia njiani huacha anachofanya na kuingia ndani. Sisi wajukuu tulimcheka, wajinga sisi.

Mumewe, babu Bilali, alikuwa mwunga mifupa. Mwaka 1934 aliletewa Nkwabi, mpakizi wa marobota ya pamba bandarini, aliyevunjwa mguu na robota moja. Babu alimlaza nyumbani kwake, akaunyoosha mguu, akaufunga vibanzi vya mti, kisha kwa desturi ya kazi yake akamvunja kuku mguu na kumfunga vivyo hivyo. Kuku akitembea bila kuchechemea, mgonjwa hufunguliwa. Kuku akifa, huvunjwa mwingine na siku huhesabiwa upya.

Siku ya tisa, babu akiwa msikitini, mwewe alimbeba kuku. Bibi alikuwa ameachiwa amlinde, naye alikuwa kwa jirani anapiga soga. Alirudi akakuta manyoya. Kwa woga alikamata kuku mwingine wa rangi ileile, mzima kabisa, akamfunga vibanzi na kunyamaza.

Wiki ya tatu babu alimjaribu kuku, akatembea barabara. Basi akamfungua Nkwabi. Nkwabi aliposimama mguu ulipinda mbele ya macho yao, na ingawa ulifungwa tena, uliunga hivyo hivyo, umepinda.

“Mikono yangu imeharibika,” babu alisema. Hakumgusa mgonjwa tena. Watu walimletea watoto waliovunjika, akawarudisha. Alishinda barazani akiitazama ile mikono, na inaniuma hadi leo kwamba hakuna aliyemtetea. Bibi alijiambia kila siku kuwa atamweleza kesho. Babu alifariki 1945.

Nkwabi alikuja kwenye hitma yake. Nyumba ilijaa watu, bibi hakupata pa kukimbilia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Nkwabi, yule kuku wako…”

“Alichukuliwa na mwewe. Nilikuwa nimelala uani, nikaona. Nikakuona na wewe ukimfunga yule mwingine.”

“Mbona hukusema?”

“Wangeanza kuhesabu upya, mama, na mimi nilitaka kuwahi kulima kwetu.” Akaangalia walipokaa wasomaji wa Kurani. “Lakini mzee wako nilijua utamwambia.”

Bibi alitikisa kichwa. “Sikumwambia.”

“Hata siku moja?” Nkwabi aliuliza.