Haongei, hali, wakasema akatwe kimeo. Mimi nikamwacha achezee chakula

Wakuu, hamjambo humu.

Leo natoa la moyoni na sina chumvi ya kuongeza. Asiyeamini apite kimya kimya aende kwenye nyuzi za mpira.

Naishi Likombe hapa Mtwara, nashona nguo kibarazani kwangu. Mume wangu ni dereva wa lori, akitoka ametoka. Binti yetu anaitwa Somoe, jina la bibi yake mzaa baba, mwenyeji wa Kitaya. Ndiyo maana bibi humwita "somo".

Somoe alifika miaka mitatu na nusu haongei. Analia, anavuta nguo, ananyoosha kidole, basi.

Kula ndiyo usiseme. Uji mwepesi uliochujwa na biskuti za aina moja tu. Ubwabwa ukimgusa mdomo anatapika. Ugali wa muhogo akiuona anakimbia. Hata mchanga ukimgusa nyayo anataka abebwe.

Maneno ya mtaani mnayajua. Nimemdekeza. Nilikula vibaya nikiwa na mimba. Jirani mmoja akanishauri, tena kistaarabu kabisa, huyo nimwache tu nizae mwingine. Nikamwambia azae yeye.

Hapa nakiri kosa langu. Nilikuwa namlisha kwa nguvu. Huku kwetu mtoto akikataa uji unamlaza mapajani, unambana pua, akifungua mdomo avute pumzi unamimina. Nimelelewa hivyo, na mama yangu vivyo hivyo. Nilifanya miezi mingi, mpaka mtoto akiona kikombe anatetemeka. Linaniuma mpaka leo na sijisafishi.

Basi mama mkwe akaja kututembelea. Akamchungulia koo, akatoa hukumu: kimeo kimeshuka.

Kwa msiojua, kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia kooni. Wapo wanaoamini kikirefuka ndicho kinachomzuia mtoto kula na kusema, na dawa yake ni kukikata. Fundi wa kukata mama mkwe anamjua.

"Mama Somoe, kitu kidogo tu kile. Wiki haiishi utamsikia anaongea."

"Mama, hakatwi."

"Kwani mimi somo yangu simpendi?"

"Unampenda, mama. Lakini hakatwi."

Nikiwa msichana nilimwona mtoto aliyekatwa kimeo akitoka damu kutwa nzima. Sisimulii zaidi ya hapo.

Mume kwenye simu akasema tumsikilize mama. Wakapanga wao kwa wao: akirudi safari, tunakwenda wote Kitaya kwa fundi.

Sikubishana. Nilimbeba mwanangu hospitali mjini. Masikio yakapimwa, anasikia vizuri. Koo likaangaliwa, kimeo hakina shida yoyote. Tukapelekwa kwa dada mmoja wa tiba kwa vitendo, wenyewe wanaita occupational therapy.

Yule dada alimwangalia Somoe akicheza kwa muda mrefu bila kumgusa. Kisha akaniambia mwili wa mtoto huyu, hasa viganja na kinywa, unahisi vitu kwa ukali kuliko sisi. Sisi punje ya wali hatuisikii, yeye inamsumbua kweli kweli. Na kule kumbana pua kumemwongezea hofu.

Kuhusu kuongea hakuniahidi kitu, na hapo ndipo nilipomwamini. Alisema tumwondolee kwanza hofu ya kinywa chake. Abembezwe, apulize povu la sabuni, tuige sauti za kuku na paka.

Halafu masharti mawili. Marufuku kumlazimisha. Na aachwe achezee chakula.

Wakuu, achezee chakula! Huku mtoto akichezea ugali anapigwa vidole. Riziki haichezewi.

Nilirudi nikatandika mkeka, nikamwaga unga wa muhogo kwenye sinia. Siku ya kwanza alikaa mlangoni anaangalia. Siku zikaenda, akaweka kidole. Baadaye mikono mpaka viwiko, kichwa cheupe. Tukaenda kwenye mchele, kisha ubwabwa, kisha mizizi yetu ya porini, ming'oko ya kuchemsha, ambayo alikuwa anaibonda tu na kuinusa.

Mama mkwe alichachamaa. "Unamfundisha mtoto kudharau riziki! Wenzio wanalala njaa!" Akasusa kula na mimi. Akaita majirani waje kushuhudia mwanamke aliyerukwa na akili.

Nikawakaribisha. Wavue viatu tu, unga umesambaa. Na mabaki tuliwapa kuku, kwa hiyo riziki haikupotea.

Sitawadanganya, niliogopa. Kila simu ya mume ilikuwa inasogeza karibu safari ya Kitaya.

Akarudi. Kesho yake ndiyo tuondoke. Mchana tumezunguka sinia, mama mkwe akaleta kikombe cha uji amwonyeshe mwanawe jinsi mtoto alivyoshindikana. Akamlaza Somoe mapajani, vidole puani.

Niliruka. Kabla sijafika, Somoe akaushika mkono wa bibi yake, akausukuma.

"Taki."

Bibi akasogeza tena kikombe, nadhani hakuamini alichosikia.

"Bibi, taki!"

Akajinasua, akaja kwenye sinia, akachukua mng'oko, akaubonda kama kawaida yake. Akalamba kidole. Akakunja uso. Akalamba tena.

Mume wangu akaweka tonge chini. "Mama, kesho hatuendi."

Mama mkwe akaweka kikombe chake chini, akaanza kucheka huku anafuta machozi. "Amenikataa, somo yangu. Kwa mdomo wake mwenyewe."

Leo anakula ubwabwa laini na ming'oko. Maneno yake bado yanahesabika na mazoezi yanaendelea. Najua wapo watoto wanaofanya yote haya na neno halitoki. Nao wasikatwe.

Nilichojifunza: mtoto anayekataa chakula anakueleza jambo, hata kama hana maneno. Mimi nilichelewa kumsikia, wewe usichelewe. Mpeleke apimwe.

Mwenye mtoto wa aina hii ashuke hapo chini tupeane moyo. Na wewe unayekuja na povu kwamba kukata kimeo ndiyo dawa, karibu pia, lete. Jibu langu ni lile lile la Somoe.