Mlango Ambao Haukuwa Kwenye Plani

Habari ya kifo chake niliisikia kanisani Jumapili iliyopita, katikati ya tangazo la harusi na tangazo la mbuzi aliyepotea huku kwetu mtaani Kasenga. Nilihuzunika. Halafu, Mungu anisamehe, nikacheka kidogo ndani ya kitambaa changu, kwa sababu nilijua marehemu angesema nini. Angesimama na penseli yake sikioni aulize ni nani aliyepanga matangazo haya, maana kifo kingetangulia, harusi ifuate, na mbuzi asubiri. Kwake kila kitu kilikuwa na zamu yake. Watu wa rika langu hapa Uvira walimwita Kapita, kama walivyoitwa wasimamizi wa mafundi tangu enzi za Wabelgiji, nami nitamwita hivyo hivyo. Tulijuana maisha yetu yote ya utu uzima, na katika muda huo tulikuwa na ugomvi mmoja tu, juu ya mlango wa shule. Amekufa ugomvi haujaisha, na mwenye kosa la kutoumaliza ni mimi.

Mwaka wa uhuru bosi wake Mbelgiji alivuka kwenda ng'ambo ya ziwa, akamwachia kamba, timazi na plani ya shule ambayo haikuwa imechimbiwa hata shimo moja. Sisi wa Kasenga tulifurahi sana. Sasa nchi ni yetu, tutajenga wenyewe! Tukaunda kamati. Kamati ikazaa kamati ndogo, na tukakaa mikutanoni kwa muda ambao ungetosha kujenga shule tatu na kuzibomoa. Mimi nilikuwa mwalimu kijana mwenye tai, nikifundishia kwenye kibaraza cha kanisa, ambapo mvua ikija tulifunga madaftari na kwenda nyumbani. Kwa sababu ya ile tai, nadhani, nikateuliwa kuwa msimamizi mkuu wa ujenzi. Nilichojua kuhusu ujenzi ni kwamba nyumba ina kuta nne. Amri yangu ya kwanza ilikuwa kuwaambia akina mama waliobeba mchanga kutoka mtoni waumwage katikati ya kiwanja, ili kila apitaye barabarani aone kwamba kazi imeanza. Ulikuwa mlima mzuri sana. Kapita aliuzunguka mara mbili, mikono mgongoni.

“Mwalimu, huu muchanga iko juu ya musingi,” akasema. “Weye utachimba wapi?”

“Tutausogeza.”

“Tutausogeza ni nani?”

Nilikuwa mimi. Siku mbili nzima, koleo mkononi, tai mfukoni, wanafunzi wangu wakinisimamia kwa furaha kubwa. Ndivyo nilivyoanza kujifunza kazi ya kusimamia kazi: kabla ya kuleta kitu, uliza kitalala wapi na nani atakiinua tena. Mambo mengine alinifundisha kwa mtindo huo huo wa kuniacha nikosee mpaka jasho linitoke. Kwenye shantie, yaani mahali pa ujenzi, sauti ni moja, na haikuwa yangu. Msingi haufunikwi kabla haujapimwa mara mbili, na wa pili kupima asiwe yule wa kwanza. Siku moja nikajaribu kumwonyesha kwamba nami nina akili, nikamwambia, usipoziba ufa utajenga ukuta. Alinitazama kwa huruma. “Muntu mwenye alisema vile hakujenga hata choo,” akasema. “Ufa inatokaka mu musingi. Weye unaziba nini?” Tangu siku hiyo sijawahi kuitumia methali ile darasani bila kugeuka nyuma kwanza.

Lakini jambo lake kubwa lilikuwa kutembeza nyumba. Alipokwisha kupiga vigingi na kufunga kamba kuonyesha kila ukuta, hakuruhusu jembe liguse ardhi. Alitaka kwanza watu watembee ndani ya nyumba ambayo haipo. Pasta aingie mlangoni, akae mbele. Mzazi mrefu kuliko wote asimame dirishani. Akina mama wapite na mabeseni kichwani. Mimi nilikuwa nahesabu wiki zilizobaki kabla ya mvua, na hapa watu wazima wanacheza mchezo wa watoto! Kisha mama mmoja mwenye mimba kubwa, beseni kichwani na mtoto mgongoni, akasimama katikati ya vigingi viwili vya mlango akasema, “Hapa miye sipiti.” Kapita hakubishana naye, yeye aliyebishana na kamati nzima. Aling'oa kigingi, akakisogeza, akaandika kwenye plani kwa penseli yake. Aliniona nimekunja uso. “Mwalimu,” akaniambia, “kamba inasogea bure. Ukuta inasogea na machozi.”

Kamba zilikuwa bado zimefungwa hivyo waasi walipouchukua mji. Wasomaji wazee wanakumbuka, na vijana wameshachoka kusikia, kwa hiyo sitasimulia vita. Nitasimulia asubuhi moja tu. Komanda wao mmoja alipanda kutoka ziwani na watu wake wawili, ngozi ya chui kichwani, maji ya dawa bado yanametameta kifuani. Akaja moja kwa moja kwenye kiwanja, akaruka kamba, akasimama mahali nilipopangia ubao wangu. Mafundi wote wakatazama chini. Mimi nilitazama chini zaidi yao. Kapita akavua kofia.

“Komanda, pole,” akasema. “Umepita mu ukuta. Rudia, upite mu mulango.”

Kila mtu mjini alijua masharti ya dawa yao: mpiganaji haendi kando, hageuki, harudi nyuma. Akirudi, dawa inakufa na risasi inampata. Walikuwapo watu waliopotea wiki ile kwa maneno madogo kuliko hayo.

“Weye unaniambia nirudi nyuma?” Komanda akauliza taratibu.

Nilimwona Kapita akitazama kamba, kisha ziwa, kisha miguu ya yule mtu. Alikuwa anafikiri, na ninaapa hakuwa anafikiri habari ya kufa. Alikuwa anafikiri habari ya matofali. Akachukua vigingi viwili, akavipiga kimoja kulia na kimoja kushoto, pale pale Komanda aliporukia, akatoa penseli sikioni na kuandika kwenye plani.

“Kama muntu mukubwa hawezi kurudia,” akasema, “basi mulango iko hapo. Umeingilia mu mulango, Komanda. Karibu.”

Yule mtu akacheka, kicheko cha kijana, maana alikuwa kijana tu, akatoka mbele kwa mlango wa barabarani bila kugeuka hata kidogo. Hatukumwona tena. Nilidhani Kapita atang'oa vile vigingi siku ile ile, lakini alikataa. “Nilimwambia muntu iko mulango,” akasema. “Iko mulango.” Akaujenga. Hivyo shule yetu ikapata mlango ubavuni mwa ubao, unaotazama ziwa, usio na maana yoyote. Upepo uliingia humo ukapeperusha madaftari, na kuku walihudhuria masomo yangu kwa bidii kuliko baadhi ya wanafunzi. Nikaupa jina: mlango wa woga. Watu walicheka, jina likashika. Yeye hakucheka. Alijibu neno moja tu, siku ile na miaka yote iliyofuata: “Ile mulango ilikuwa mu plan.”

Kuta zilisimama, paa likaezekwa kwa nyasi maana mabati yalikuwa yamekwisha kuwa hadithi, nikaanza kufundisha. Siku ambayo jeshi la serikali lilirudi nilikuwa ubaoni nikifundisha sehemu na desimali. Risasi zilitoka barabarani, zikapiga ukuta wa mbele, ule wenye mlango mkubwa alioupanua yule mama mwenye beseni. Watoto walikwenda huko huko, kwa sababu mtoto hukimbilia mlango anaoujua. Mimi nilisimama na chaki mkononi, sina akili hata moja. Ni Kapita, aliyekuwa nje akifunga nyasi, aliyeingiza kichwa kwenye ule upenyo wa kuku.

“Mwalimu! Huku! Mu mulango ya Komanda!”

Tukatoka huko, mmoja nyuma ya mwenzake, tukaingia kwenye matete ya ziwa tukalala kifudifudi kwenye maji. Wanafunzi wangu wa siku ile, ambao leo wana wajukuu, hudai kwamba mimi nilitoka wa pili. Mimi nakumbuka nilikuwa katikati. Tulipotulia Kapita aliwahesabu watoto, kisha akaniambia niwahesabu mimi, kwa sababu wa pili kupima asiwe yule wa kwanza. Wote walikuwapo.

Ungedhani baada ya hapo ningemaliza ugomvi. Sikumaliza. Niliendelea kumtania, kwenye harusi, sokoni, mbele ya wajukuu zake: mlango wa woga, mlango wa woga. Ilikuwa rahisi kumtania kuliko kumshukuru. Mwezi uliopita nilimtembelea. Alikuwa kitandani, mwepesi kama mtoto, penseli iko kwenye kimeza pamoja na dawa zake. “Mwalimu,” akasema, “sema mara moya tu. Ilikuwa mu plan.” Nikamwambia, ilikuwa kwenye woga wako, Kapita. Alicheka mpaka akakohoa, na mkewe akanifukuza. Nilienda nyumbani nikifikiria nitakalomjibu safari ijayo.

Baada ya mazishi nilipita shuleni. Siku hizi kuna mabati, na ule mlango wameuwekea chuma. Niliketi kwenye dawati la mbele, nikafikiri kuhusu nchi hii inayopenda kumwaga mchanga katikati ya kiwanja ili wapita njia waone. Tuna plani nyingi nzuri. Tunazitundika ukutani, hatuzitembei, na mtu mwenye mzigo akisema hapitiki tunamwonyesha karatasi. Kapita aliheshimu karatasi kuliko sisi sote, ndiyo maana hakuacha kuiandika mpaka jembe lilipoingia ardhini. Mama mwenye beseni aliandikwa humo. Mtu asiyeweza kurudi nyuma aliandikwa humo pia, kwa penseli ile ile, siku ile ile aliporuka kamba, kabla hatujachimba. Nilikuwapo. Nilimwona akiandika.

Basi nakiri mbele yenu, wasomaji wangu, huku nikijua kwamba hakuna alichokichukia kwenye shantie kama mtu anayefika wakati wengine wamekwisha kunawa mikono. Nimechelewa, Kapita. Mlango ulikuwa kwenye plani.