Kopo la Maziwa Chini ya Kiti cha Nyuma

Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, tena mchana, nikiwa sijalewa wala sina homa. Watu husema mizimu hutembea usiku. Wangu alikuja saa nane mchana, jua likichoma mabati ya gereji yangu pale Nateete, Kampala. Usiponiamini sitagombana nawe. Nimeshachoka kugombana juu ya jambo hili.

Mimi ni fundi wa umeme wa magari. Baba yangu alikuwa Mnubi, mama Mganda, kwa hiyo Kiswahili nilikikuta nyumbani. Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, Kiswahili kilikuwa na neema yake na balaa yake. Neema, kwa sababu ukisimamishwa kwenye kizuizi uliweza kujieleza. Balaa, kwa sababu wenye bunduki walipotaka fundi, walimtafuta yule wanayesikilizana naye.

Ndivyo alivyonijia afisa mmoja, jina lake sitalitaja mpaka kufa, na gari la zamani la Kiingereza, rangi ya maziwa, viti vya ngozi. Lilikuwa gari la mtu aliyelipenda. Kwamba si lake nilijua bila kuuliza, na nani aliuliza siku zile? Magari yalibadilisha wenyewe, na wenyewe wa kwanza hawakuonekana tena. Shida zake zilikuwa mbili: maji yanachemka hata Mengo hujafika, na betri kila asubuhi imekufa.

Nililitengeneza Jumatatu, likachemka. Nikalitengeneza Jumanne, likachemka. Nilizibua rejeta, nikakaza mkanda wa feni, nikakata gasketi kwa boksi la viatu kwa kuwa spea hazikuwepo mjini. Betri niliifunga kama nilivyofunga betri zote maishani mwangu, waya wa hasi kwenye bodi. Themostati, kile kijilango kinachofungulia maji injini ikishapata joto, nilikuwa nimekwisha kuing'oa na kuitupa siku ya kwanza. Hivyo ndivyo tulivyofanya mafundi wote wa Kampala. Tulisema ni kitu cha nchi za baridi, sisi cha nini?

Jumatano jioni afisa akarudi, mvuke unatoka mbele ya gari. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Fundi," aliniambia, "Ijumaa napeleka mukubwa Port Bell, kwa ziwa, na hii gari. Ikichemka njiani, narudi hapa, na wewe unapanda nyuma."

Nyuma hakumaanisha kitini. Alimaanisha kwenye buti. Kila mtu mjini alijua waliopandishwa kwenye buti hawakurudi kusimulia. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza baada ya mbili zilizoharibika. Usiku ule sikumwambia kitu. Nilikula, nikalala kama gogo, maana kuna uchovu ambao hata hofu haiuwezi.

Alhamisi nilifungua kila nilichojua kufungua. Saa nane nikawasha injini, na kabla sijamaliza kufuta mikono maji yakaanza kuunguruma ndani ya rejeta. Nikazima, nikakaa juu ya tairi, nikalia. Ndiyo, mtu mzima na spana mkononi. Nililia kwa kuchoka.

Nilipoinua uso kulikuwa na mtu amesimama karibu na boneti. Mwanamume wa makamo, shati jeupe, tai, kama karani wa ofisi. Viatu vyake vilikuwa vimelowa, na suruali imelowa hadi magotini. Nilishangaa, kwa sababu mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu na mabomba ya mtaa wetu yalikuwa makavu. Akanyoosha mkono, akashika kifuniko cha rejeta bila kitambaa. Nikapiga kelele kumzuia. Fundi yeyote anajua, ukifungua rejeta inayochemka maji yanakurukia usoni. Akakizungusha taratibu na kukitoa. Hakuna kilichoruka. Mvuke ulikatika, na nikasikia harufu ya ziwa.

"Ssebo, hii gali si ngonjwa," alisema kwa Kiswahili cha Waganda. "Gali hii, chanya ndiyo inakaa kwa bodi. Wale walichukua gali waligeuza, na wewe ukafuata. Na kile kitu ulitupa kilikuwa kimekufa, lakini bila hicho maji inazunguka kwa injini tu, haifiki kwa lejeta. Kiko kingine chini ya kiti ya nyuma, kwa kopo ya maziwa."

Nikamuuliza amejuaje. Akaniambia gari alikaa nalo miaka kumi, akilitengeneza mwenyewe kila Jumamosi, na kwamba safari yake ya mwisho ndani yake hakukaa mbele.

Hapo nikaelewa. Wewe ungefanya nini? Ungekimbia?

Akanieleza nyumba yake ilipo, Mengo, ya tatu ukitoka kwenye ukuta wa Lubiri, kasri la mfalme, yenye lango la kijani.

"Umupe bibi yangu hiyo kopo," alisema. "Umwambie mimi siludi. Wanililie, wamalize."

Akanipa mkono, nami nikaushika kumwahidi. Ulikuwa baridi kama maji ya kisimani. Kisha akazunguka nyuma ya gari, na nilipomfuata sikumwona. Nyayo zake za maji zilikuwa sakafuni, juu ya oili, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye buti, na hapo zikaishia. Nikafungua. Buti lilikuwa tupu, zulia lake limelowa chepechepe.

Chini ya kiti cha nyuma nilikuta kopo la maziwa ya mtoto. Ndani yake mlikuwa na themostati imefungwa kwa kitambaa safi. Nikaifunga mahali pake. Nikageuza betri, chanya kwenye bodi, nikagusisha waya ili dainamo, ile inayochaji betri, ifuate upande ule mpya. Injini ikanguruma saa nzima, sindano ya joto ikatulia katikati. Ijumaa jioni afisa akarudi akicheka, akaniachia kilo mbili za sukari, kitu ambacho miaka ile ungeweza kukipigia magoti. Mke wangu akapika chai. Nikainywa.

Na Mengo sikwenda.

Ngoja nijitetee kidogo. Kumwambia mjane kwamba mumewe ameuawa kulikuwa sawa na kusema unajua nani kamwua. Majirani walikuwa na masikio. Nilisema mke ajifungue kwanza. Akajifungua mtoto wa kike, nikasema mtoto atembee kwanza. Kesho ikazaa kesho. Kopo nililiweka juu ya kabati, nikawa naingia chumbani bila kuangalia juu.

Nilikwenda mwaka wa tano, wanajeshi wale walipokwisha kukimbia. Lango la kijani lilikuwa pale pale. Mama mmoja alinifungulia, nikampa kopo kabla sijasema neno. Alilishika kwa mikono miwili. Lilikuwa la mwanawe wa mwisho. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa mumewe atilie vyuma vyake. Nikapiga magoti, nikamweleza yote. Miaka yote hiyo hawakuwa wameweka matanga wala kusimika mrithi, maana utamlilia vipi mtu ambaye huenda kesho akapiga hodi?

Mwishowe aliniuliza swali moja tu.

"Alikutuma lini?"

Nikamwambia.

"Mama yake alikuwa bado mzima," alisema. "Kila jioni alikuwa anakaa hapa mlangoni, anaangalia njia. Tumemuzika mwaka jana."

Kisha akaketi chini, akaanza kumlilia mumewe kwa sauti, majirani wakaja. Mimi nikaondoka kwa miguu mpaka Nateete.

Mkono huu wa kulia haujapata joto tangu siku ile nilipoushika wake. Ushike ukitaka. Ninafungua rejeta inayochemka bila kitambaa, na mafundi vijana huniuliza dawa yake. Madaktari hawaoni kitu. Mke wangu husogea nikimgusa nao kitandani, nami simlaumu.

Basi sikiliza. Ukitumwa kupeleka habari ya msiba, na yeyote yule, upeleke siku hiyo hiyo. Usiseme kesho. Mimi niliwaogopa wanajeshi, na aliyeteseka ni bibi kizee aliyekaa mlangoni miaka minne akimngoja mwanawe, na habari zake ziko juu ya kabati langu.