Nilivyokivunjia Chuo Mlango Nikiwa Ukweni

Jamani, aibu hii ningeenda nayo kaburini, ila kwa kuwa mjomba wa mke wangu anaisimulia kila penye harusi na kila penye msiba, bora mnisikie mimi mwenyewe.

Nafanya kazi kwenye chuo kimoja Morogoro mjini, natunza kompyuta moja kubwa ambayo ndani yake nimegawa mashine pepe sita, kama nyumba ya kupanga, kila mpangaji na chumba chake. Siku hiyo nilikuwa Mkuyuni, nimepigilia kanzu na koti, nimekwenda kwa akina Zuhura kujitambulisha. Waluguru mnawajua, baba yupo lakini neno la mwisho ni la mjomba, na mshenga wangu alishanionya njiani: "Wewe kazi yako shikamoo na kutabasamu, maneno niachie mimi."

Mara simu ikaita. Bosi. Leo mwisho wa usajili wa mitihani, mfumo unajikokota, nikipata nafasi niuongezee kumbukumbu ya kompyuta uende mbio. Nikipata nafasi! Hata yeye hakuwa na haraka. Lakini mjomba alikuwa amenikazia macho, na mimi (kiherehere changu hiki) nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba nimesoma.

"Mjomba, kazi hii ya chuo naimaliza hapahapa kwa simu, tena bila kuizima mashine."

"Ikiwa inafanya kazi hivyohivyo?"

"Hivyohivyo, mjomba."

Mshenga akanifinya paja, nikadhani ananipongeza. Sasa kumbukumbu ya akiba haikuwepo, nikawakagua wapangaji wangu, nikamwona mmoja kakaa kimya tu, nikamnyang'anya karibu yote nikampa yule wa usajili, nikabonyeza, nikatabasamu, simu ikaanza kuzungusha kiduara, ikazungusha, ikazungusha, jasho likanitoka chini ya kofia, maana yule mkimya ndiye aliyekuwa mlango wa kuingilia mfumo mzima, mimi na wanafunzi wote tulikuwa tunapitia kwake.

Bosi akapiga tena, na kwa maringo yangu nilikuwa nimeweka sipika. "Umefanya nini? Mfumo wote umekufa! Wanafunzi wamejaa mlangoni kwangu!"

Mjomba akauliza taratibu, "Kwa hiyo umevunja daraja ukiwa ng'ambo?"

"Ndiyo, mjomba."

Dawa ilikuwa moja, kwenda kuigusa kwa mkono. Nikaaga huku pilau linapakuliwa (harufu yake ilinisindikiza mpaka barabarani), nikijua Zuhura nimeshamkosa, na roho iliniuma kwelikweli. Kumbe mjomba naye amevaa makubazi, huyo akapanda bodaboda nyuma yangu. "Kuvunja nimeona. Nataka nione kujenga."

Tukaingia chuoni mshikaki, watatu juu ya pikipiki moja, wanafunzi wakapiga kelele, "Huyo hapo! Alikuwa anaoa!" Nikaizima ile mashine ya mlango, nikairudishia kumbukumbu yake, nikaiwasha, usajili ukaanza kusonga. Mjomba kasimama mlangoni ananitazama mpaka mwisho, kisha tukaanza safari ya kurudi kwenye pilau lililopoa.

"Ungekimbia lawama nisingekupa mtoto," akasema. "Zuhura utaoa. Simu ndiyo sikuamini nayo."

Tangu hapo mashine iliyo kazini siigusi, naizima kwanza, hata wanafunzi wanune. Na nikienda ukweni, shikamoo haijatoka vizuri mdomoni, mjomba ameshanyoosha mkono: "Marahaba. Lete simu."