Mama Aliyesema "Wekeni Chini"

Mama yangu Kaluki hakuwahi kushika sigara, na bado saratani ilimpata kwenye mapafu. Miaka yake yote alipikia kuni katika jiko lisilo na dirisha, huku kwetu nje ya Mutomo. Ninaandika machozi yakiwa karibu, lakini namshukuru Mungu, kwa sababu habari yake si ya kushindwa.

Kikundi chake cha mwethya, wanawake wanaosaidiana kazi nzito, kilikuwa kinajenga ukuta wa mawe na simiti kukatiza mto mkavu, ili mvua ikija mchanga ujae nyuma yake na kutunza maji. Mama alikuwa msimamizi wa mapumziko. Jua likizidi aliinua mkono na kusema, "Wekeni chini." Mawe yaliwekwa, watu wakanywa maji. Hakuna aliyembishia, maana kabla hajapewa kazi hiyo mwenzao mmoja alizimia akabebwa kwa mkokoteni.

Ugonjwa ulipojulikana, aliomba kitu kimoja tu: aone ukuta ule ukishika maji.

Sisi tuliompenda tukakimbilia supu. Katunge, rafiki yake tangu wakiwa wasichana, alichemsha mifupa ya mbuzi na mizizi michungu ya kuongeza kinga. Mimi nikanunua mizizi mingine Emali. Tuliamini askari wa mwili wake, zile chembe za kinga, ni wachache. Mama alikunywa, akatapika, akakonda. Mwishowe akakataa hata safari ya hospitali Nairobi. Alisema, kama supu yote ile imeshindwa, sindano itafanya nini?

Nilimbembeleza aende mara moja tu. Daktari Hibaq, mwanamke kijana aliyezaliwa Garissa, alimwonyesha picha ya kipande cha uvimbe kilichotolewa kifuani. Alieleza kwamba askari walikuwepo, tena wengi, wamekusanyika pale pale penye uvimbe. Lakini kati yao kulikuwa na chembe nyingine za mwili, ambazo kazi yake ni kuwatuliza askari wasije wakaushambulia mwili wenyewe. Ni chembe nzuri. Ila saratani ilikuwa imeziita kwa wingi, ikajificha nyuma yake.

Mama alicheka mpaka akakohoa.

"Mwau," akaniambia, "hao ni mimi. Ni mimi nasema wekeni chini, na jua hata halijatoka."

Daktari aliuliza maana yake, nikamweleza. Akasema ndivyo hasa. Kuongeza wafanyakazi hakusaidii kama kila saa wanaambiwa wapumzike. Dawa aliyotaka kumpa haileti askari wapya, inazuia amri ya kuwatuliza isiwafikie. Hakuficha kwamba wengine haiwasaidii kabisa.

"Niwekee," Mama akasema. "Mungu akipenda, wataamka."

Waliamka. Uvimbe ulipungua, na pumzi ikarudi. Lakini ngozi ilimwasha na magoti yakamvimba, mpaka daktari akampa vidonge vya kutuliza. Katunge alikuja kumpaka mafuta akamkuta anajikuna.

"Si umemfukuza msimamizi?" Katunge akamwambia. "Sasa wanalima hadi sebuleni."

Mama alirudi mtoni, akawa anakaa juu ya debe lililopinduliwa, chini ya mwavuli, mkono tayari. Ukuta ulimalizika kabla ya mvua ya Novemba. Maji yalipopita, mchanga ulibaki umejaa hadi ukingoni. Mama alichimba kwa kibuyu, akangoja kishimo kijae, akanywa, akaanza wimbo wa sifa. Mungu alimpa misimu mingine ya mvua baada ya huo, na kila msimu alishuka mwenyewe kuchota.

Kisha saratani ilirudi, na safari hii dawa haikuiweza. Alilala Agosti, kiangazi kikali, wakati mito yote ya jirani ni vumbi.

Jamaa walisema tuagize maji kwa lori kwa ajili ya mazishi. Wanawake wa mwethya walikataa, wakashuka mtoni na mitungi. Waombolezaji wote walipikiwa kwa maji ya mchanga wake.

Jua lilikuwa utosini wakati wanaume tunafukia kaburi. Sikutaka kuacha, nilitupa udongo bila kuangalia mtu. Ndipo Katunge alipoinua mkono.

"Wekeni chini," akasema.

Tuliweka sepetu chini. Akatupitishia kibuyu mmoja mmoja, akaanzia kwangu. Maji yalikuwa baridi.